Mkwe Hanyamazishwi

Siku mume wangu alipoleta kompyuta nyumbani niliambiwa nimshukuru Mungu, nikamshukuru. Mabati ya jikoni kwangu yalikuwa yametoboka, jua linaingia mpaka kwenye sufuria ya maharage, na fedha tuliyoiweka kwa ajili ya mabati ndiyo iliyogeuka kompyuta. Lakini jamani, nani analilia bati wakati ana kompyuta? Mvua ikija tungeiinua tujikinge nayo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Shinyanga mjini. Mume wangu alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mtu mpole, hanywi, hagombani na jirani, na kwa sababu hiyo shetani ilibidi amtafutie njia nyingine. Akamtafutia muziki. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa, alikuwa amemnunulia mwanawe kompyuta mpya, akauza ya zamani, na wakati wa kuiuza akasema maneno ambayo sijamsamehe mpaka leo: kwamba ile mashine, mbali na kupiga chapa, inarekodi sauti. Kipaza sauti kilipatikana kwa mchimbaji aliyetoka Bulyanhulu. Enzi duara lake, yaani shimo lake la kuchimba, linatoa dhahabu alinunua vyombo vya disko; duara lilipoanza kutoa maji akaja mjini kuviuza kimoja kimoja. Basi mume wangu akawa na studio. Studio yenyewe ilikuwa sebule yangu.

Kumbe studio ina adui, na adui huyo ni kelele. Mimi nilikuwa nimeishi kwenye nyumba ile miaka yote nikidhani ni nyumba tulivu. Jioni moja mume wangu alivaa hedifoni, akasikiliza sebule tupu, akatoka na uso wa mtu aliyetoka kupewa majibu mabaya hospitali.

"Mke wangu," akasema, "hatujui tunaishi na nini humu ndani."

Friji inanguruma. Umeme unavuma ndani ya waya. Mabati yanagonga jua likipanda. Mashine ya kusaga ya jirani inatetemesha sakafu. Na kompyuta yenyewe, mheshimiwa, ilikuwa na feni inayopuliza kushinda vyote hivyo, lakini hilo alilisema kwa sauti ya chini, asije akaiudhi.

Vita ikaanza. Friji ilizimwa, maziwa yakachacha, nikaambiwa mtindi ni afya. Jogoo wangu aliliwa kwa sababu za kitaalamu. Godoro la wageni lilisimamishwa dirishani, na kuta zikafunikwa kwa viroba vya pamba alivyopewa kiwandani, mpaka sebule ikawa ghala. Shinyanga ya mwezi wa kumi mnaijua. Humo ndani ungeweza kuanika mihogo na ikakauka kabla ya jioni. Wageni walikuwa wanaingia, wanaangalia zile pamba, wananiuliza kwa sauti ya huruma kama mzee hajambo.

Feni ya kompyuta ikabaki. Hapo akachukua nondo akatoboa ukuta. Kompyuta ikahamia chumbani kwetu, waya ukapita kwenye tundu, kipaza sauti kikabaki sebuleni peke yake kama bwana harusi. Sasa feni nikawa nalala nayo mimi.

Mtaniuliza alikuwa anarekodi nini. Gitaa lake. Hilo ndilo ningeanza nalo. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na mwenzenu nyumba yangu yote ilikuwa inanyamazishwa ili debe lisikike vizuri.

Kulikuwa na programu pia. Kijana wa yule Mhindi alikuwa amemwachia ndani ya kompyuta programu ya kusafishia sauti, na mume wangu aliisifia mezani mbele ya watoto. Unarekodi kwanza chumba kikiwa kimya, hakuna anayesema, hakuna anayekohoa. Unaiambia kompyuta: hii ndiyo kelele yenyewe, ijue sura yake. Kisha unarekodi wimbo, na kompyuta inapita humo inaitoa kelele ile popote inapoikuta. Nilimuuliza kama kuna programu ya kutoa gitaa. Alinuna mpaka kesho yake.

Ningeendelea kumcheka hivyo mpaka uzeeni, lakini mama yangu akaja.

Mama alikuwa anaishi kijijini Samuye, analima na ana ng'ombe wake wachache. Kwetu watu wanalimiana, leo shamba la huyu, kesho la yule, na lazima awepo wa kuwaimbia ili majembe yapande na kushuka pamoja. Mama ndiye aliyekuwa anaimba. Alianza akiwa msichana, akaendelea akiwa na mjukuu mgongoni. Nikiwa mdogo nilikuwa naweza kujua yuko shamba la nani kwa kusimama uani na kusikiliza tu. Sasa alikuwa na goita, lile tezi la shingoni, miaka mingi alilifunika kwa khanga na kusema halimsumbui, mpaka likaanza kumkaba akilala. Daktari wa Mwanza akampangia upasuaji, akamweleza bila kumficha. Tezi limekaa mahali pabaya, karibu kabisa na panapotokea sauti. Sauti inaweza kubaki, inaweza kubadilika, inaweza isirudi.

Mama alishukuru, akafunga khanga yake, akaja kwangu siku chache kabla ya safari. Akakaa kwenye mkeka, hakutaka hata maji.

"Nasikia mume wako ana mashine ya kushika sauti," akaniambia. "Anishikie yangu. Wakinikata nayo huko, iwepo nyingine nyumbani."

Nilikwenda jikoni nikalia. Siku hiyo sikuwa na mzaha.

Basi kompyuta ikapata kazi ya maana kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo tukagundua tatizo ambalo yule Mhindi hakulitaja dukani. Kwetu Wasukuma mkwe anaogopwa. Mwanamume hakai na mama mkwe mkeka mmoja, hali naye, hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani yeye ndiye anayeingia porini kumpisha. Wengi mjini walikuwa wameshalegeza. Mume wangu alilelewa na bibi yake, na bibi huyo hakulegeza kitu. Tangu anioe, maneno aliyokuwa amemwambia mama moja kwa moja yangeenea kwenye kisoda. Na huyu ndiye mtu aliyetakiwa sasa kumwambia mama sogea, simama hapa, fungua mdomo, nyamaza.

Mwenyewe aliona ukuta umemwokoa. Yeye atakaa chumbani na kompyuta, mama atakaa sebuleni na kipaza sauti, na mimi, ambaye sina kazi yoyote duniani, nitakuwa tarishi. Akinong'ona tunduni nitapeleka kwa mama. Mama akijibu nitarudisha tunduni. Niliwauliza kama niwaletee na mihuri.

Ijumaa asubuhi tukaanza. Mama aliketi kwenye kigoda katikati ya pamba zote zile, jasho linamtiririka, akaomba mlango uwe wazi kidogo asije akafa kabla daktari hajamwona. Mlango wetu unatazama njia ya kwenda mashine ya kusaga. Mume wangu akanong'ona kwenye tundu, "Mwambie mama apumzike kidogo, nachukua sauti ya chumba."

Apumzike! Alichotaka kusema ni anyamaze. Lakini neno hilo kwa mkwe halipiti mdomoni, hata kwa kupitia tundu la ukuta, hata kwa kupitia mke. Mimi nikapeleka nilichopewa. "Mama, anasema upumzike kidogo." Nikatoka nje kutazama maharage yangu.

Mama akapumzika. Na mama akipumzika anafanya nini? Anasalimiana na watu. Akapita mama mmoja na debe la mahindi kichwani, akaona mlango wazi.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, ng'wanone!" Maana yake mwanangu, ingawa hakuwa anamjua kabisa. "Hujambo? Watoto hawajambo? Mahindi hayo ni ya kwenu au ya kununua? Mvua huko imeanza?"

Akapita mwingine, akapokelewa hivyo hivyo. Kwetu salamu ya mtu haiachwi ianguke chini, na mama hajawahi kuiacha ya mtu hata mmoja. Alimaliza na wote kwa sauti ile ile ya kuita watu ng'ambo ya shamba.

Yote hayo yalikuwa yanaingia kwenye kompyuta kwa jina la ukimya. Mume wangu aliyasikia. Alikuwa na hedifoni masikioni, aliyasikia kuliko hata wale waliosalimiwa. Kunyanyuka akamwambie mama anyamaze, hawezi. Kuniita mimi niliyeko nje, lazima apaze sauti, na mama angejua ni yeye anayenyamazishwa. Basi akakaa kitandani akavumilia. Baadaye aliniambia alidhani kompyuta ina akili, itajua yenyewe kelele ni ipi na mama ni yupi. Ndiyo, itajua. Ilisoma shule gani, sijui.

Kisha mama akaimba. Aliimba wimbo wa kulimia, ule mrefu, huku anapiga kigoda kwa kiganja ili asiachwe na mapigo. Mimi niliusikilizia mlangoni na maharage yakaungua, sikujali. Alipomaliza tulimsikia mume wangu anapenga kamasi upande wa pili wa ukuta. Ule ulikuwa wimbo, jamani. Ungeachwa vile ulivyo, mimi leo nisingekuwa na la kusimulia.

Haukuachwa. Jioni ile mtaalamu akakaa kuusafisha. Akaionyesha kompyuta kelele aliyoichukua, akaiambia iitoe, na kompyuta, kiumbe mtiifu, ikatoa alichoonyeshwa. Alichoonyeshwa ni mama. Na kwa kuwa diski yenyewe ilikuwa ndogo, imejaa gitaa, hapakuwa na nafasi ya nyimbo mbili. Kompyuta ikamuuliza kama aweke huu mpya juu ya ule wa zamani. Akajibu ndiyo kabla hajausikiliza. Mtu anayempima mbuzi wa sokoni mpaka meno!

Jumamosi mchana akatuita tusikilize. Mama alikaa sebuleni, mimi mlangoni, spika ikasogezwa karibu na tundu. Nakiri kazi ilifanyika. Mvumo ulikuwa umekwisha. Mashine ya kusaga imekwisha. Na mama naye amekwisha. Kilichobaki kilikuwa kitu kinachobubujika na kuyeyuka, mtu anayeimba amezama kisimani, mara anajitokeza nusu neno, mara anazama tena. Kigoda kilisikika vizuri sana.

Mama alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Huyo ni nani?" akaniuliza.

Niliingia chumbani nikafunga mlango, na niliyomwambia mume wangu humo ndani siyaandiki. Niseme tu nilianza na mabati ya jiko. Basi la Mwanza lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi, na kaka yangu alikuwa tayari amekata tiketi. Tulikuwa na redio kaseti, lakini mtaalamu alikuwa ameifungua ili aipunguzie mvumo, na tangu siku hiyo ilikuwa haina mvumo wala sauti. Nilimwambia sauti ya mama yangu imebaki shingoni mwake tu, mahali kisu kinapokwenda, na kwamba kama anaogopa wakwe angeoa yatima.

Akaanza kufuta gitaa lake kwenye diski, wimbo mmoja baada ya mwingine, kimya kimya, zote.

Asubuhi, kabla mashine ya kusaga haijaanza, mama alikuwa ameshavaa na kifurushi chake kiko mlangoni. Nikamweka kwenye kigoda. Nikasogea kwenye tundu kusubiri ujumbe wangu. Ujumbe haukuja. Badala yake mlango wa chumba ukafunguka, mume wangu akatoka. Mama akajivutia khanga usoni haraka. Mume wangu akachuchumaa kizingitini, uso ameugeuzia kwenye zile pamba, mikono ameifumbata, akazungumza na ukuta.

"Mama. Samahani sana, mama. Naomba unyamaze kidogo. Usiseme na mtu yeyote mpaka nikwambie."

Nilidhani dari itaanguka. Mama akaitikia kwa kichwa, na kwa kuwa yule alikuwa anatazama ukuta hakuona, ikabidi nimwambie, "Amekubali." Akarudi chumbani karibu akimbie.

Ukaanza ukimya. Mama aliweka kiganja mdomoni akakaa hivyo. Friji ilikuwa imezimwa, jogoo tulishamla, watoto walikuwa wamelala. Nje akapita muuza maziwa na baiskeli yake, akaona mlango wazi.

"Shikamoo mama!"

Mama hakuitika. Niliuona mdomo wake unatikisika chini ya kiganja, macho yake yananitazama mimi, lakini hakuitika. Muuza maziwa akasubiri. Nikasikia amesimamisha baiskeli. Kisha akaondoka polepole, nadhani anajiuliza nyumba hii kuna nini.

Mimi niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Nilikuwa natazama mama yangu anasalimiwa na haitiki, naye yupo, mzima, ameketi mbele yangu. Daktari alikuwa ametueleza yote kwa maneno na sikuyaelewa, nikayaelewa pale, katika ile sebule ya pamba. Niliuma khanga yangu nisije nikatoa sauti nikaharibu.

Sauti ikaja kutoka tunduni, "Tayari." Mama akashusha mkono, akaimba. Sauti ilikuwa na mikwaruzo ya asubuhi na katikati alikohoa, lakini alifika mwisho. Tukamsindikiza stendi, akapanda basi na kaka, na kupitia dirishani akaniagiza nimwombe msamaha muuza maziwa.

Niliporudi nilimkuta mume wangu tayari ameketi mbele ya kompyuta, programu ya kusafisha imefunguka, kidole kiko juu ya kitufe. Nikamwambia akikibonyeza mimi na watoto tunahamia Samuye, na kompyuta azae nayo yeye. Alikiondoa kidole. Wimbo ukabaki jinsi ulivyoingia, na vumbi lake lote, kuanzia ule ukimya wa mwanzo mpaka kikohozi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Goita lilitoka lote, na mama alirudi kwangu kabla ya sikukuu, amenenepa, analala bila kukabwa. Sauti haikurudi. Kilichorudi ni mnong'ono mkavu, unamtoka kwa shida, lazima umsogezee sikio. Daktari alisema tusubiri. Tulisubiri, na mpaka anafariki miaka mingi baadaye ulikuwa ule ule. Njiani watu walikuwa wanamsalimia, anawajibu, hawasikii, wanasema yule mama wa Samuye siku hizi anaringa.

Siku ya pili ya kurudi kwake alinionyesha ukuta kwa kidole. Nikaelewa anataka sauti yake. Mume wangu akaiweka, yeye akiwa upande wake wa ukuta kama kawaida, adabu imerudi. Mama akakaa kwenye kigoda, mimi pembeni yake. Kwanza ukaja mvumo wa umeme na ile feni. Kisha baiskeli. Kisha muuza maziwa, safi kabisa kuliko hata nilivyomsikia siku ile: "Shikamoo mama!" Na baada yake hakuna kitu, mvumo tu, muda mrefu.

Mama alinishika mkono akanivuta mpaka sikio langu likagusa mdomo wake.

"Hapo nilikuwa nayo bado," akanong'ona. "Mngeniacha nimwitikie."